Kiti cha Nizar

Nilikuwa bado ndani ya eda shemeji yangu Hamood alipoleta vitabu vya marehemu mume wangu kutoka kazini kwake. Hakuingia ndani. Alikaa barazani, mimi nikakaa nyuma ya pazia la mlangoni, na mama mkwe wangu, Bi Umkulthum, akakaa baina yetu akiwa na ungo wake wa mchele.

Vilikuwa vitabu vizito vya mitandao ya kompyuta, na juu yake koleo la kubania nyaya. Nizar alikuwa akisomea cheti cha mitandao, kile cha CCNA. Ofisi ya ushirika wa wakulima, hapa hapa Chake Chake, ilikuwa imempa kazi kwa ahadi kwamba atakileta cheti hicho. Pikipiki ilimwangusha njia ya Vitongoji kabla hajaufanya mtihani.

"Nimezungumza na mkuu wao," Hamood akasema. "Hawajamweka ntu bado. Kwa heshima ya marehemu, kiti watakuwekea weye mpaka mwisho wa mwaka. Ila uje na cheti kile kile."

Nikalitazama koleo lile kupitia upenyo wa pazia.

"Shemeji, wanisikia?"

"Nakusikia."

"Basi sema neno. Wengine wangeshukuru."

Nilimshukuru, na nilimaanisha. Alipoondoka nikavichukua vitabu nikavipanga karibu na mkeka wangu wa kusalia.

Mimi na Nizar tulikuwa na mpango wetu. Chumba cha mbele cha nyumba hii ya Madungu tulikifanya karakana. Yeye alipenda nyaya na mitambo. Mimi nilipokea watu, nikafungua mashine zao, nikawaeleza kilichoharibika. Hatukusoma chuo, tulijifunza kwa kufungua na kufunga. Tulikubaliana yeye achukue cheti cha mitandao, mimi nichukue A Plus, ambacho ndicho cheti cha kwanza cha mtu anayetaka kuwahudumia watumiaji wa kompyuta. Sasa nilikuwa peke yangu, na fedha zangu zilitosha cheti kimoja tu. Nikichukua changu, kiti cha Nizar kitakwenda kwa mwengine. Nikichukua chake, kitabaki kwetu. Kwa jinsi nilivyolelewa, jambo hilo halikuonekana hata kuwa na pande mbili.

Kwa hivyo nikawa nasoma kila siku baada ya sala ya alfajiri. Masomo hayakunishinda. Lakini pambizo za vitabu vile zilijaa maandishi yake ya penseli. Pengine ameandika, "Rudia hapa." Pengine, "Muulize R." R ndiyo mimi, Rumaitha. Nikifika palipo na mkono wake nasimama. Nikigeuza ukurasa, sijui nimesoma nini.

Simu yake niliiweka kwenye rafu, na kila ikikaribia kuzima niliitia chaji. Asubuhi moja gari la kampeni lilikuwa likipita na spika zake, simu ikalia. Nikasubiri gari lipite, nikapokea, nikaitika.

"Da Rumaitha? Assalamu alaykum. Ni mie Kazija, wa ofisini kwa marehemu. Nisamehe, dada. Namba yake ndo ilobandikwa ukutani hapa, nimepiga bila kufikiri."

"Wa alaykum salaam. Kuna nini, Kazija?"

"Kompyuta imekufa. Kioo cheusi. Majina ya wanachama wote yamo humu, na mkuu yuaja sasa hivi." Sauti yake ilikuwa ya kilio. "Nimebonyeza kila kitu!"

"Usibonyeze tena. Kaa. Umekaa?"

"N'mekaa."

"Chini ya kioo kuna taa ndogo. Ina rangi gani?"

"Ya machungwa."

"Vizuri. Sasa sogeza sikio kwenye boksi. Feni inavuma?"

"Yavuma."

"Basi haijafa. Nyuma ya kioo kuna waya mnene unaokwenda kwenye boksi. Ushike kwa mkono, uufuate mpaka mwisho wake. Usifanye haraka."

Nikamsikia akihema, akisogeza kitu. Nilifumba macho. Niliiona meza ile ambayo sijapata kuiona.

"Dada! Umechomoka huku nyuma, umening'inia tu."

"Uchomeke, kaza skurubu zake mbili."

Nikasikia boksi likiburutwa. Halafu akapiga ukelele. "Imerudi! Kumbe waya tu?"

"Nani kasogeza meza?"

"Mie mwenyewe, da Rumaitha. Nlikuwa nafagia."

Tukacheka sote wawili. Nikakumbuka niko katika hali gani, nikaziba mdomo.

Bi Umkulthum alikuwa amesimama mlangoni. "Umemtengenezea?"

"Katengeneza mwenyewe, Mama. Mie nimemsikiliza tu."

Akakaa kwenye mkeka. "Nizar angepanda pikipiki akaenda mbio," akasema. "Hakuwa na subira ya kumsikiliza ntu, mwanangu yule. Mungu amrehemu."

"Mama, kiti chake..."

"Kiti cha ofisi si shamba la kurithiwa kule Pujini, Rumaitha. Kaacha vitabu, pikipiki na hiyo simu. Hivyo tutagawana kwa sharia. Elimu yake kaenda nayo." Aliuchezea ukingo wa mkeka. "Nikikuona watoka kila asubuhi kwenda kukaa pale, sijui nitakuwa nakutazama weye au namtafuta yeye."

Hamood aliporudi nilimwambia mwenyewe, kupitia pazia, kwamba nitachukua A Plus.

"Cheti cha kuwashia watu kompyuta!" akasema. "Hata mwanangu wa miaka sita anawasha."

"Basi nletee, shemeji. N'na kazi nyingi."

Bi Umkulthum akakohoa ndani ya kanga yake. Hamood hakucheka. Akauliza kwa sauti ya chini, "Nizar angesemaje?"

Sikumtungia jibu. Alikuwa amepoteza ndugu, naye alitaka kitu kimoja cha ndugu yake kibaki mahali pake. Sikuona kosa katika hilo.

Kiti kilipewa kijana wa Wete. Nasikia anaijua kazi yake.

Nilipotoka eda nikamkabidhi Hamood vitabu, koleo na simu, vihesabiwe kwenye mirathi. Kazija alikuja siku hiyo kuniamkia pamoja na wanawake wengine, akanivuta pembeni.

"Na pale ukutani niandike nini? Huyu mgeni simwelewi, ajibu kama kitabu."

Nikampa namba yangu.

"Niandike fundi?"

"Andika Rumaitha tu."

Kitabu changu cha A Plus kililetwa na meli kutoka Unguja. Nilikifungua karakanani, mlango ukiwa wazi. Pambizo zake zilikuwa nyeupe. Nikachonga penseli.