Kalamu Nyekundu ya Wifi

Mama Pacha alikuwa mkunga wa miaka mingi, na jina hilo alilipata kwa wanawe wawili waliokuwa darasa la sita. Alikuwa amepokea watoto wasio na idadi, lakini mtihani mmoja wa Kiingereza ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Hospitali ya ng'ambo ilikuwa tayari kumpa kazi. Kusikiliza alifaulu, kuzungumza alifaulu, hata kuandika. Kusoma ndiko kulikomwangusha: habari tatu ndefu, maswali arobaini, saa moja tu, na yale maswali ya kishetani yanayokutaka useme kama jambo ni Kweli, Si Kweli, au Halikutajwa.

Alipoanguka, wifi yake alijitolea kumfundisha. Huyu dada wa mumewe alikuwa mwalimu wa Kiingereza sekondari, na kalamu nyekundu haikumtoka mkononi. Kila Jumamosi mchana alikuja na nakala za mazoezi, akaweka saa mezani, akasema, "Haya wifi, anza." Muda ukiisha alizikunja karatasi na kwenda nazo kwake kusahihisha.

Jumamosi ya kwanza Mama Pacha alipata kumi na tisa. Ya pili, kumi na nane. Ya tano, kumi na tisa tena.

"Wifi, mbona niko palepale kama gari lililokwama matopeni?"

"Kusoma si kuzalisha, wifi yangu. Huku hakuna kusukuma. Usijiandikishe kwanza, hujaiva."

Neno hilo la usijiandikishe alikuwa amelisema mara tatu sasa, na Mama Pacha machale yakaanza kumcheza. Kwa nini karatasi zisisahihishwe palepale mezani? Siku alipoomba kuyaona majibu, wifi alisema ameyasahau nyumbani. Mwalimu yule, ambaye hajawahi kusahau hata kipande cha chaki!

Kisha kulikuwa na swali la kumi na mbili. Habari ilieleza kwamba wafanyakazi wa kiwanda cha vioo walipewa glavu. Swali likauliza kama walifurahi kupewa. Mama Pacha aliandika Halikutajwa. Wifi akapiga mkasi mwekundu wa kosa, akaandika pembeni: Kweli. Mama Pacha aliirudia habari ile mara tatu kwenye chumba cha chai cha wodi. Glavu aliziona. Furaha hakuiona.

Akaipeleka karatasi kwa mfamasia wa hospitali, aliyeufaulu mtihani huo mwaka uliotangulia.

"Dada, hebu nionyeshe hapa walipofurahi."

Mfamasia alisoma, akarudia. "Hawajafurahi popote. Nani amekusahihishia?"

"Mwalimu."

"Basi siku hiyo huyo mwalimu alikunywa kitu."

Kesho yake mfamasia alimletea kitabu chake cha mazoezi. Kumbe ndicho kilekile wifi alichokuwa akitolea nakala, na majibu yote yako nyuma. Mama Pacha akajisahihisha upya. Kumi na tisa yake ilikuwa ishirini na tisa.

Mwingine angewasha moto siku hiyohiyo. Yeye akajiambia, huenda ni macho, huenda ni uchovu, mtu akikosea asihukumiwe kama mwizi. Wifi alikuwa akifuata mazoezi kwa mpangilio, na zamu ilikuwa ya zoezi la sita. Mama Pacha akayakariri majibu yake yote arobaini ya nyuma ya kitabu, kama alivyozoea kukariri vipimo vya dawa, na Jumamosi akayaandika moja moja, huku akijikuna kichwa kama mtu anayefikiri sana.

Wiki iliyofuata karatasi ilirudi. Ishirini na moja.

"Umepanda kidogo," wifi alisema.

Mama Pacha alikitoa kitabu chini ya kitambaa cha meza. "Haya yote nimeyatoa humu, wifi. Hakuna hata moja la kwangu. Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Nimekukosea nini?"

Wifi alivua miwani, akaifuta ingawa haikuwa chafu. "Hujanikosea. Muulize kaka yangu."

Mumewe, fundi wa friji, alikuwa uani, amelilaza friji la mteja ubavu. Alipowaona wakitoka pamoja na kile kitabu, aliiweka bisibisi chini kabla hajaulizwa.

"Nilimwambia akucheleweshe tu," alisema. "Mpaka watoto wamalize shule ya msingi."

"Kwa nini hukuniambia mimi?"

"Ungesema sawa, halafu ungeenda." Akajifuta mikono kwenye suruali. "Ulipoanguka mtihani ule, Mama Pacha, nililala usingizi mtamu ajabu. Asubuhi nikaona aibu, lakini usingizi nilikuwa nimeshaulala."

Mama Pacha hakulia wala hakupiga kelele. Alitoa simu, akajiandikisha kwa mtihani palepale, wote wawili wakimtazama.

Wifi aliomba radhi, tena kwa machozi, akaomba aendelee kumfundisha. "Njoo," Mama Pacha alimwambia, "ila majibu yatakaa hapa mezani, na kalamu nitashika mimi."

Na kusema haki, wifi alijua kufundisha. Alimwonyesha jinsi ya kuanza na swali, kisha kuutafuta mstari unaolibeba. Alama zikapanda: thelathini, thelathini na tatu. Hata hivyo, kila wifi alipotamka jibu, Mama Pacha alifunua nyuma ya kitabu kuhakikisha. Aliyeumwa na nyoka hushtuka akiguswa na ung'ongo.

Alifaulu. Matokeo yalipoingia kwenye simu, alimpa mumewe ayasome mwenyewe. Alisoma polepole, akasema, "Hongera, mke wangu," na Mama Pacha akamkazia macho usoni asijue anaona furaha au nini.

Siku mbili baadaye alikuta lile sanduku lao kubwa limetolewa juu ya kabati. Gurudumu lililokuwa limevunjika, mumewe alikuwa amelibadilisha. Mama Pacha alilikokota sanduku ukumbini, akaenda nalo na kurudi nalo. Kisha alipoona yuko peke yake, alilipindua, akapiga magoti, akajaribu kila skrubu kwa ukucha. Zilikuwa zimekaza. Akazijaribu tena, ndipo akaanza kupanga nguo.