Mita Mia na Saba

Binti alihesabu vigae vya korido ya hospitali, kutoka chumba cha kumbukumbu hadi wodi ya wazazi, akapata mia moja sabini na sita. Kila kigae kilikuwa nusu mita. Basi umbali ni mita themanini na nane. Akaandika kwenye karatasi ya maombi: kebo ya shaba ya daraja liitwalo keti siksi, mita tisini na tano. Hiyo ndiyo kebo ambayo ingetoka kwenye seva mpya, yenye mafaili yote ya wagonjwa, hadi kwenye swichi ya wodi, kisanduku kinachogawa mtandao kwa kompyuta. Ilikuwa kazi yake ya kwanza kuifanya kwa jina lake mwenyewe, si kwa kumshikia fundi mwingine ngazi.

Mama yake, aliyekuwa ameshona mashuka na mapazia ya hospitali hiyo kwa miaka kumi na tisa, ndiye aliyempigia debe kwa mganga mkuu. Karatasi ilipopita mikononi mwake, aliisoma yote taratibu, kama alivyofundishwa katika darasa la watu wazima: neno halirukwi mpaka lieleweke.

"Hii shaba mwisho wake wapi, mwanangu?"

"Mita mia, mama. Ikizidi hapo haiaminiki. Leo inafanya kazi, kesho inasuasua."

"Na utailaza sakafuni?"

"Watu wajikwae? Itapita darini."

Mama akashusha miwani. "Basi mbona umepima sakafu?"

Binti akainua macho darini.

Mtunza ghala, ambaye wote walimwita Bwana Stoo, alikuwa mlangoni akisubiri karatasi aipeleke dukani. Alicheka mpaka akashika ubavu. "Mama Sindano naye siku hizi injinia! Mama, hiyo ni kebo, si gauni."

"Gauni likikosewa linafumuliwa, mzee wangu. Hiyo kebo ikishakatwa dukani, inarudishwa?"

"Hairudishwi hata ukilia."

"Basi tafuta kiti, ukae."

Mama alichukua donge la uzi mnene na fito ndefu ya kupachikia mapazia. Kabla hajajua kuandika, alipima madirisha yote kwa uzi ule, fundo moja kila mita. Sasa vipimo vilikaa daftarini, lakini uzi hakuuacha, kwa kuwa uzi hukubali kupinda penye kona. Binti akainua fito, mama akaachia uzi. Ulipanda ukutani hadi darini, ukazunguka boriti mbili. Juu ya chumba cha upasuaji hairuhusiwi kupitisha kitu, hivyo wakaupeleka kwa nyuma, kando ya chumba cha mashuka, kisha wakaushusha wodini.

"Na za akiba, za kukunja?" mama aliuliza.

"Mbili kila upande."

Wakahesabu mafundo, wakajumlisha. Mia moja na saba.

"Zimezidi saba tu," binti alinong'ona. "Pengine itavumilia."

"Mkono wa shati ukipungua vidole saba, mteja unamwambia avumilie?"

Binti alijikuna kichwa. Swichi nyingine katikati, ya kupokea taarifa na kuisukuma mbele, haikuwezekana, maana katikati ndipo penye upasuaji, na chumba cha mashuka hakina umeme. Ilibaki faiba, uzi mwembamba wa kioo unaopeleka taarifa kwa mwanga, ambao kwake mita mia na saba si kitu. Lakini wiki iliyopita yeye mwenyewe alimhakikishia mganga mkuu, mbele ya wauguzi, kwamba shaba inatosha kabisa. Tena mabawa mengine mawili ya hospitali yalikuwa bado hayajapewa fundi, na yeye aliyatamani.

"Twende wote kwa mganga mkuu, mama. Wewe unamjua."

"Namjua, ndiyo maana siendi. Kazi ni yako."

Binti akapiga moyo konde, akaenda. Mama alijaribu kutunga sindano mara tatu, na mara tatu uzi ukapita pembeni.

Binti aliporudi, uso ulikuwa umekunjuka. "Ameuliza nani alipima mara ya kwanza. Nikamwambia ni mimi, na nilikosea. Akauliza, na mara ya pili je? Nikamwambia fundi wa mashuka."

"Eeh, akasemaje?"

"Akaguna. Halafu akafuta shaba, akaandika faiba kwa mkono wake. Amesema fundi anayejisahihisha kabla ya kutoboa ukuta anamfaa."

"Nipeni karatasi basi," alisema Bwana Stoo akiinuka, "kabla hamjapima na paa."

Siku ya tano, muuguzi wa wodi ya wazazi aliandika kwenye kompyuta habari za mtoto aliyezaliwa alfajiri, na papo hapo zikaonekana katika chumba cha kumbukumbu. Mganga mkuu, aliyesimama nyuma ya binti, akasema, "Jumatatu uanze bawa la watoto."

Binti alikimbia hadi chumba cha kushonea. "Mama, imefika! Jina, saa, uzito, vyote!"

"Kilo ngapi?"

"Tatu na nusu."

"Mzima huyo," mama akasema kwa furaha, akasogeza mashuka pembeni ili binti apate pa kukaa.