Kiwanja cha Kumi

Orodha yetu ilikuwa na viwanja tisa vya gofu, na kwa mwaka mmoja na nusu mimi ndiye niliyehakikisha havifiki kumi. Mwanangu Jovitus hakujua. Yeye yuko Glasgow, Uskochi, ni fundi wa mabasi, na kila Jumapili saa nane mchana, nikishatoka kanisani na kula, alinipigia simu tukitafute hicho kiwanja cha kumi.

Hapa Nyakasimbi, Karagwe, gofu si habari ya mtu. Watu wana migomba yao na kahawa yao, na mpira wanaoujua ni wa miguu. Lakini mimi nilifanya kazi miaka thelathini na moja katika klabu moja ya gofu huko Arusha. Nilianza kama kedi, yaani mbeba fimbo za wachezaji, nikamalizia nikiwa mkuu wa wakata nyasi. Jumatatu klabu ilifungwa, na siku hiyo wafanyakazi tuliruhusiwa kucheza. Siku nyingine ukionekana umeshika fimbo kama mwenye nayo, ulikuwa na kesi. Nilicheza vizuri. Sijisifu, nasema tu, na waliokuwepo wanajua.

Ndiyo maana Jovitus aliponiambia kwamba huko kuna viwanja vyenye sifa dunia nzima ambavyo si vya wanachama peke yao, nilimwambia asinitanie.

"Tata, hiki cha St Andrews kinachezwa na watu wote," alisema. "Unaandikisha jina, linaingia kwenye kura. Tena Jumapili hawachezi kabisa, watu wanakwenda kutembeza mbwa wao humo."

"Hata mtu kama mimi?"

"Hata wewe. Ukiwa na cheti cha kuonyesha kiwango chako cha kucheza. Hicho tutakitafuta."

Kwetu tuna rweya, mbuga ya nyasi isiyo na mwenyewe, kila mtu analisha na kukata nyasi za kutandaza. Lakini rweya yenye mashimo kumi na nane na bendera, ambayo mtu mwenye makucha ya udongo kama mimi anaingia kwa mlango wa mbele, hiyo ilinikosesha usingizi kwa raha.

Tukakubaliana. Viwanja kumi, vyote maarufu, vyote vya kuingiwa na yeyote. Siku orodha ikitimia, yeye atachukua likizo, atashughulikia viza yangu, tutaanza na vya Uskochi. Vya mbali zaidi, Mungu akipenda. Yeye alituma picha, mimi niliandika kwenye daftari.

Tisa vya kwanza viliingia haraka, ndani ya miezi mitatu. Prestwick, kwa sababu shimo la kwanza linakwenda sambamba na reli na nilitaka kupiga mpira treni ikipita. Lahinch ya Ayalandi, kwa sababu wanafuga mbuzi uwanjani na kusema mbuzi wakisogea karibu na nyumba ya klabu, mvua inakuja. Kile cha New York ambacho watu hulala kwenye magari yao wapate nafasi alfajiri, na kuna bango la kuonya kwamba ni kigumu, asiyejua asijaribu. Hilo bango lilinichokoza. Kimoja cha Oregon huko Marekani ambako ni marufuku kupanda vigari, lazima utembee. Nikasema hao ni watu wenye akili.

Kisha nikaanza kukataa.

Jovitus akaleta Ballybunion. Nikatazama picha, nikaona makaburi kando ya shimo la kwanza, nikasema hapana. Nyumbani tunazika kwenye kibanja, mke wangu Kokushubira yuko hapo nyuma kwenye migomba, na sijawahi kumrushia mpira. Jovitus akacheka, akakubali. Wiki iliyofuata akaleta cha California kilicho juu ya majabali ya bahari. Nikasema upepo. Akaleta Carnoustie, nikasema kijito kinakatiza vibaya mashimo ya mwisho. Akaleta cha Afrika Kusini, nikasema siko tayari kusafiri kote huko kukutana na nyani, nyani ninao Karagwe. Uongo mtupu. Vyote nilivipenda. Cha California nilikiota.

Sababu ni hii. Miaka sita iliyopita Jovitus alitujengea nyumba, mimi na mama yake. Wakati wa ujenzi alipiga simu kila wiki. Matofali yamefika? Fundi amekuja? Bati limeenea? Nilikuwa na mtoto. Nyumba ilipokwisha, tukapiga picha mbele ya mlango, tukamtumia, akafurahi, na simu ikanyamaza miezi saba. Mama yake alipofariki akaanza tena, kwa sababu ya kujengea kaburi. Saruji, vigae, maandishi. Kaburi likakamilika vizuri sana, na baada ya hapo nilikaa kuanzia Pasaka hadi karibu na Krismasi bila kusikia sauti yake, zaidi ya ujumbe wa heri. Hakuwa na ubaya. Ni mtu wa kazi, akimaliza jambo anaanza jingine. Kunitunza alinitunza. Lakini nilikuwa peke yangu katika nyumba ya vyumba vinne, nikizungumza na redio, na redio haikuulizi umekula nini.

Basi mimi nikafanya kama mama yangu. Kwetu kikapu cha mtu hakirudishwi kitupu. Ukiletewa maharage, unarudisha kikapu na ndizi ndani, naye atakuja tena na kitu, na kila safari mnaketi, mnatafuna punje za kahawa, mnasengenya kidogo. Ukikaa nacho sana, mwenyewe atakuja kukiulizia, na hapo pia mtaketi. Mama alikuwa na vikapu vya watu watano ndani kwa makusudi, na nyumba yake haikukosa mgeni. Kumaliza haraka aliona ni kumfukuza mtu. Mimi nikakaa na kiwanja cha kumi namna hiyo hiyo.

Aliyenigundua ni Kantengwa. Ni jirani yangu, mjane, wazazi wake walitoka Rwanda, na mdomo wake hauna breki. Jumapili moja mwezi wa tatu alikuja kuulizia kikapu chake akanikuta kwenye simu, nimeiweka sauti ya nje. Jovitus alikuwa na habari.

"Tata, nimepewa likizo. Wiki tatu, Juni yote karibu. Tuseme leo cha kumi ni North Berwick, nianze karatasi zako kesho."

North Berwick wana ukuta wa mawe unaokatiza mbele ya shimo moja, inabidi mpira uruke ukuta. Hakuna kitu ninachoweza kukipenda zaidi ya hicho.

"Ukuta?" nikasema. "Mimi si mbuzi. Tafuta kingine, tutazungumza Jumapili."

"Sawa, Tata," akasema, na akakata simu mapema kuliko kawaida.

Kantengwa alikuwa amesimama mlangoni. Daftari lilikuwa mezani, na ingawa hajui gofu, kusoma anajua. Aliona majina tisa na chini yake majina yaliyofutwa, ukurasa mzima.

"Mzee Elpidius, huyu mtoto anakuita kwake na wewe unamhesabia mawe?"

"Huelewi mchezo huu."

"Mchezo siuelewi. Wewe nakuelewa." Akachukua kikapu chake, kitupu, jambo ambalo hajawahi kufanya. "Chelewa chelewa utakuta mwana si wako."

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu hasira ikaisha, ikabaki aibu. Nilijiuliza swali ambalo nilikuwa nalikwepa: hivi nikienda Uskochi wiki tatu, nikalala nyumba moja na mwanangu, nikala naye, nikatembea naye kwenye nyasi mashimo kumi na nane, si ni zaidi ya simu zote hizi? Ni zaidi. Lakini baada ya hapo? Nikirudi, orodha imeanza kuliwa, na kitu kikianza kuliwa kinaisha. Niliogopa. Mzee mzima wa miaka sabini nilimwogopa mtoto niliyemnawisha uso mwenyewe. Hata hivyo siku ya Alhamisi nilikaa mezani nikaandika namba kumi, North Berwick, kwa kalamu ya wino.

Jumapili ile simu haikulia. Wala iliyofuata. Ya tatu ikapita, na ya nne. Nilikwenda na simu mpaka kwenye kilima cha shule ambako mtandao haukatiki, nikasimama kama mlingoti. Kumpigia sikumpigia. Kwetu mtoto ndiye anayemtafuta mzazi, salamu inaanzia kwake. Mzazi akipiga simu yeye, watu wa upande wa pili wanatafuta kiti kabla ya kupokea. Na tena, niseme kweli, nilikuwa na kiburi.

Katikati ya Juni picha ikaingia. Jovitus amesimama kwenye nyasi fupi, fupi kuliko nilivyowahi kuzikata, na nyuma yake ukuta wa mawe. Kando yake mzee mrefu wa kizungu, baba wa mkewe, ameshika fimbo na kucheka. Chini ameandika: "Tata, nilikwenda na baba mkwe, likizo isipotee. Niliona wewe hutaki na mimi ninakulazimisha. Naona ulikuwa unaniridhisha tu miezi yote hii. Samahani kwa usumbufu. Kiwanja ni kizuri."

Nilisoma maneno hayo nimesimama kwenye migomba, panga mkononi. Hakuna tusi ndani yake, na hilo ndilo lililonimaliza. Huyo mzee mrefu sina ugomvi naye. Alisimama vizuri, miguu imeachana sawasawa, mtu anayejua. Lakini alikuwa amesimama mahali pangu, na mimi ndiye niliyempisha. Nikamjibu mwanangu: "Nimeona. Hongera." Maneno mawili. Kisha nikaenda kukaa kwenye ngazi ya nyumba aliyonijengea, nikalia, na kwa kuwa hakuna mtu wa kunisikia, sikujizuia.

Julai ikaingia. Jumapili zikawa siku ndefu kuliko zote. Niliwasha redio, nikaizima. Kantengwa alileta maharage, safari hii ndani ya sufuria, akasema sufuria anaitaka jioni. Hakuniuliza kitu, na mimi sikumwambia kitu, ila niliona ameona daftari liko pale pale mezani.

Jumanne moja, saa sita mchana, bila kupanga, nilikuwa nakata majani makavu ya migomba nikasimama. Nikatoa simu mfukoni nikampigia. Ikaita mpaka ikakatika. Nikaona aibu, nikairudisha mfukoni, na kabla sijainua panga ikalia.

"Tata!" Nyuma yake kulikuwa na mashine inanguruma na mtu anagonga chuma. "Tata, kuna msiba? Nani amefariki?"

"Hakuna."

"Unaumwa? Uko Nyakahanga hospitali? Sema tu, niambie."

"Siumwi. Hakuna msiba, Jovitus. Nimekupigia tu."

Nikajua kwamba nisiposema sasa sitasema tena, maana salamu zikishaanza tutaulizana hali ya hewa mpaka salio liishe.

"Ile orodha sikuwa nakuridhisha," nikasema. "Nilikuwa nafuta makusudi. Vyote nilivitaka. Huo ukuta niliutaka. Nyumba ilipokwisha uliacha kupiga simu, na kaburi la mama yako lilipokwisha ukaacha tena, nikaona orodha ikiisha nitabaki na nini. Niko peke yangu huku, mwanangu. Ni hilo tu. Sikujua namna ya kulisema."

Mashine ilikuwa bado inanguruma. Kisha ikapungua, nikasikia mlango unafungwa, na hatua zake, na upepo wa nje. Alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda kilima. Nilidhani atasema samahani, na sikutaka samahani. Nilidhani atasema ana kazi. Alivuta makamasi, mtu mzima wa miaka arobaini na moja, akakohoa kusafisha koo.

"Shikamoo, Tata," akasema. "Nilisahau kukuamkia."

"Marahaba," nikasema, na nikakaa chini kwenye majani makavu, kwa sababu sasa alikuwa anauliza nimekula nini.