Mikono ya Tumbaku

Enzi zile za ruksa, biashara huria ilipoanza, mtaa wa Majengo ulikuwa na haraka ya kila kitu, hata ya kuua. Asubuhi moja duka la mitumba la Stumai lilikutwa limevunjwa, na shuka jeupe lililodondoshwa mlangoni lilikuwa na alama za vidole vyenye utomvu mweusi wa tumbaku. Kufika saa nne, Tadei alikuwa chini, meno mawili yameshamtoka. Kosa lake ni kushuka kwenye lori la Namtumbo na mikono ya mtu aliyetoka kuchuma tumbaku.

Kaka yake, Mwalimu Leodegari, alikimbia kutoka darasani, chaki ingali mkononi. Alimkuta Pankrasi, mwenye kibanda cha jirani, ameinua tofali, na mtu mwingine ameshika dumu la petroli. Akajipenyeza katikati yao.

"Jamani, nisikilizeni! Mwizi ana utomvu mikononi, sivyo?"

"Ndivyo!"

"Hiyo ni sawasawa na kusema, asiye na utomvu si mwizi. Kauli ni ileile moja. Lakini kusema kila mwenye utomvu ni mwizi, hiyo ni nyingine kabisa!"

"Mwalimu, hesabu zako peleka shule," alisema Pankrasi, akashusha tofali. Mkono wa Tadei ulivunjika, wote wakausikia.

Leodegari alipandwa na wazimu. Alimkamata Pankrasi mkono, akauinua juu. "Na huyu je? Mtazameni!"

Vidole vilikuwa vyeusi hadi kwenye kucha. Msimu ule nusu ya mji ilikuwa na kishamba cha tumbaku, na mwalimu alitaka kila mtu atazame mikono yake mwenyewe aone haya. Hakuna aliyejitazama.

"Kumbe ni yeye!" Stumai alipiga kelele. "Ndiyo maana alikuwa mbele!"

Fimbo zikamwacha Tadei. Rungu la kwanza lilimpasua Pankrasi kichwa, la pili likamlaza. Petroli ikamwagwa.

"Mwalimu!" alilia, damu ikimziba macho. "Waambie tena ile ya utomvu! Nimeelewa, mwalimu, nimeelewa!"

Leodegari alikuwa na maneno yote mdomoni. Alimtazama mdogo wake anayepumua kwa shida, akawaza kwamba akiyasema watamrudia. Akambeba mgongoni, akashika njia ya mtaa wa Lizaboni. Nyuma yake mtu alikuwa akiuliza nani ana kiberiti.