Mkate Mezani kwa Mwalimu

Mimi ni mwalimu wa kuziba pengo. Mwenzangu akiugua, naitwa. Majina ya watoto siyajui, lakini darasa likichafuka nalituliza, na kwa hilo sina mpinzani. Mwalimu mkuu alikuwa ameniahidi kwamba nikimaliza wiki mbili na darasa la saba bila fujo, ataniajiri.

Siku ya kwanza tu, nikiandika tarehe ubaoni, madawati yakagongana. Msichana mrefu alikuwa amemkaba kola msichana mdogo wa dawati la nyuma.

"Mwizi! Toa saa yangu!"

"Haki ya Mungu sijachukua!"

Darasa zima likapokea: mwizi, mwizi. Nje nikasikia viatu vya mwalimu mkuu vinakuja. Niliogopa, sitadanganya.

"Leta begi," nikamwambia yule mdogo. "Asiye na hatia haogopi kupekuliwa."

"Mwalimu, naomba tukalifungulie nje."

"Hapa hapa."

Nikalimwaga mezani. Saa haikuwemo. Kulikuwa na madaftari mawili na vipande vya mkate, vingi, vyote vimeumwa.

"Huo wangu!" mmoja akapiga kelele. "Niliutupa jana!"

"Ni vya mdogo wangu," mwenye begi akasema, akitazama sakafu.

Viatu vilikuwa vimefika mlangoni. "Kumbe tuna panya darasani," nikasema.

Walicheka hadi machozi. Yule mrefu naye akacheka, akaiachia kola. Mwalimu mkuu alichungulia, akaona watoto wenye furaha, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Yule mdogo aliokota vipande vyake kimoja kimoja, kwa sababu kuviacha hakuweza.

Kesho yake hakuja. Wala keshokutwa.

Ijumaa ya mwisho, mwalimu mgonjwa alituma ufunguo wa droo yake ili nichukue rejista. Juu ya rejista kulikuwa na saa ndogo na karatasi yenye mwandiko wake: "Imeokotwa bombani. Nitamtafuta mwenyewe kesho." Hiyo kesho ndiyo siku aliyoamka mgonjwa.

Nilikaa. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Kisha mwalimu mkuu akaingia na barua yangu ya ajira, akaisoma kwa sauti mbele ya watoto: mwalimu mwenye mkono wa kutuliza. Wakapiga makofi.

Alipotoka, nikamrudishia yule mrefu saa yake.

"Panya ameirudisha?" akauliza.

Darasa likanitazama, likasubiri. Dawati la nyuma lilikuwa limeshatolewa.

"Ndiyo," nikasema. "Fungueni vitabu."