Siku Murugi Alipovaa Miguu ya Mutahi

Haya niliambiwa na Kagure, mwaka jana wakati wa mvua ya Aprili, tukiwa tumeketi kwake Mukurweini tukichambua maharagwe meusi ya njahi. Kagure si mtu wa kuongeza chumvi. Mkono wake wa kushoto haunyooki vizuri, na sababu ya mkono huo imo ndani ya hadithi hii.

Jirani yake ni Mutahi, fundi wa kuchomelea vyuma, mume wa Murugi na baba wa Nyawira. Mutahi ana miguu mikubwa. Hakuna duka la viatu linalomfaa. Akala zake hukatwa kutoka tairi la lori, na hata hizo, kidole gumba huchungulia nje. Rafiki yake Dhiren, mwenye duka la vyuma mjini Nyeri, alimtafutia gari dogo jekundu lililokuja kwa vipande ndani ya makasha, la mtu kujiungia mwenyewe. Mutahi aliliunga kando ya zizi la ng'ombe msimu mzima. Likaungana. Likanguruma. Kuku wakakimbia, watoto wakapiga makofi.

Shida ilikuwa pale chini pa kukanyagia. Klachi, breki na mafuta vilibanana kama viazi kwenye sufuria ndogo. Mutahi akikanyaga breki, amekanyaga na mafuta. Gari likakohoa, likaruka, likaingia kwenye majani ya nepia ya ng'ombe. Alijaribu bila viatu. Alijaribu kukanyaga kwa ukingo wa wayo. Alisukuma kiti nyuma hadi akawa anaendesha kama mgonjwa aliyelazwa.

"Wewe hukanyagi breki," Dhiren alimwambia, akicheka hadi akashika mlango. "Wewe unakanyaga gari yote."

"Sasa nikate vidole?"

"Kata chuma kwanza, bwana."

Alikata chuma. Haikusaidia.

Jioni hiyo Murugi alikuwa ametia miguu yake kwenye karai la maji moto. Ni miguu midogo, yenye magaga, imepanda na kushuka shamba la kahawa tangu aolewe. Alimtazama mumewe aliyekuwa ameinama kama mtu aliyefiwa.

"Baba Nyawira, si uchukue yangu?"

"Na wewe utatembea na nini?"

"Na yako. Ama iko na mahali inaenda?"

Wakavua. Pale kwenye kifundo miguu iliachana polepole, bila damu, kama kiatu cha gambuti kinavyoachana na matope. Mutahi akapachika midogo, Murugi akapachika mikubwa, wakaifuta maji, wakala githeri.

Asubuhi Mutahi na Dhiren wakashika njia ya Kiriaini. Ile miguu midogo ilichagua klachi, ikachagua breki, kama mkono unavyochagua kahawa iliyoiva ukiacha mbichi. Kwenye kona watu waliacha majembe wakapunga mikono. Mutahi aliimba wimbo wa kanisani, na Dhiren, ambaye si wa kanisa hilo, akaitikia.

Siku hiyohiyo kulikuwa na mkutano wa chama cha wakulima kiwandani, kule bondeni ambako kahawa hupelekwa. Kufika huko wanawake huvuka kijito juu ya gogo moja linaloteleza, wamebeba magunia mgongoni. Hapo ndipo Kagure alikuwa ameanguka siku za nyuma na kuvunjika mkono. Tangu hapo Murugi alitaka daraja. Kila mkutano alisimama mlangoni, na kila mara akajibiwa, "Hiyo utampatia Baba Nyawira aje nayo. Mwanachama ni yeye." Naye Mutahi, akili ikiwa kwenye gari, alisahau.

Mlangoni alisimama Gathogo, mlinzi, ambaye hutazama chini ili watu wasiingize matope. Akaziona zile akala.

"Karibu, Mutahi. Leo umewahi."

"Asante," alisema Murugi kwa sauti yake mwenyewe, na kitambaa chake kichwani.

Muchiri, mwenyekiti, alimpa kiti cha mbele. Kagure ndiye aliyekuwa akigawa chai. "Walimjua vizuri sana," aliniambia. "Akiomba sukari, ni Mama Nyawira. Akizungumza, ni Mutahi."

Murugi alisimama imara. Alisema maneno yaleyale aliyoyasema mlangoni kila mara. "Lile gogo litatuua. Tunataka daraja."

"Mutahi amesema jambo la maana," alisema Muchiri. "Ati tulikuwa tunangoja nini?" Mikono yote ikainuka.

Mutahi alirudi jioni akichechemea, mkononi ana kopo la mafuta ya kupaka. Aliketi, akatumia pini kutoa mwiba kwenye kisigino.

"Hii mwiba ni ya lini?"

"Ya kitambo."

"Na hukuniambia?"

"Hukuwa unatembea nayo."

Daraja lilijengwa kwa mawe na saruji, lenye vyuma vya kushikilia. Saruji ikiwa bado mbichi, Muchiri alichukua msumari akaandika: DARAJA LA MUTAHI. Mutahi alimwendea.

"Si mimi, mzee. Mimi nilikuwa Kiriaini."

"Najua, nililiona gari lako likipita. Lakini miguu ilikuwa hapa." Akamshika mkono kumpongeza.

Mkutano uliofuata Murugi alienda na miguu yake mwenyewe, atoe shukrani. Gathogo alitazama chini. "Mama, chai inapikwa upande ule." Murugi akaenda upande ule. Yeye na Kagure walikunywa ile ya kwanza, yenye maziwa mazito, wakacheka hadi sufuria ikafurika.

Mutahi aliwafuata kwa gari, Dhiren akishika usukani. Kagure alikaa mbele, gunia tupu mapajani, Murugi akajibana nyuma na Mutahi, wakavuka daraja, wakageuka, wakavuka tena bila sababu yoyote, honi ikilia.

Jioni hiyo Murugi alileta karai.

"Kesho kuna mkutano wa maziwa, Baba Nyawira."

"Unataka kusema nini?"

"Barabara."

Mutahi alivua, akampa. Alipaka mafuta ile midogo, akaifunika vizuri, akalala. Murugi alibaki macho kidogo. Ile mikubwa ilitokeza nje ya blanketi kama kawaida yake. Akachezesha vidole gumba, kimoja, kisha kingine, akalala.