Wavu Ukutani

Siku ya nane tangu Mzee Magatte Sarr aache kula, bintiye Sukeyna aliazimia kumletea bahari chumbani.

Mawimbi yalikuwa yamekwisha kuimeza nyumba yao ya Guet Ndar, mtaa wetu wa wavuvi, ukuta baada ya ukuta, nasi sote tukahamishiwa kambini Djougop, mbali na ufuko, katika vibanda vyenye joto la tanuri. Mzee hakulalamika. Alikuwa akiswali, kisha akigeukia ukuta na kufumba kinywa. "Siisikii," ndilo neno pekee alilolisema kuhusu bahari.

Sukeyna aliwahi kufua mashuka katika nyumba ya wageni kule kisiwani karibu na Guet Ndar, akakumbuka vyumba vyake vilivyopambwa kwa nyavu na rangi za bahari. Akapaka kuta chokaa, akazitia mstari wa buluu iliyopauka kama shati la mvuvi. Akamwaga mchanga mlangoni, akatundika pazia jepesi la kitani, na kwa kitani hichohicho akashona kanzu mbili pana zisizobana popote, yake na ya baba yake. Mwisho akauleta wavu wa mzee kutoka ufukoni, akautundika ukutani pamoja na maboya yake.

Jirani yake Jeynaba akachungulia. "Ee shoga! Umeshakuwa mtalii? Bado kofia na kamera tu!"

"Nicheke, lakini nishikie hiki kigoda."

Mzee akageuka. Akautazama mstari wa buluu, akaipapasa kanzu, akakaribia kutabasamu. Macho yakafika kwenye wavu, uso ukasawijika.

"Nani amekufa?"

Kwetu wavu hulala ufukoni. Hauingizwi chumbani ila mwenyewe akishazikwa, ungoje warithi. Mila hiyo Sukeyna aliijua tangu utotoni, na uzuri wa vyumba vya wageni ukamsahaulisha.

"Hakuna, Baba! Wallahi hakuna!" Akauvuta kwa pupa, msumari ukaupasua, ukaanguka magotini pa mzee.

Vidole vyake viliupata mpasuko kabla ya macho. "Nani alikufundisha kushika wavu hivi? Lete sindano."

Akashona hadi adhuhuri. Sukeyna akasogeza sinia ya wali wa samaki. Mkono ukaiacha sindano, ukachukua tonge moja, ukarudi kazini.

Kesho yake wavu ukawa mzima, na kinywa kikafumbwa tena.

Ndipo Sukeyna, baada ya alfajiri, mzee akiwa amempa mgongo katika uradi wake, alipochukua mkasi, akamwomba Mola maghufira, akakata.

Akafanya hivyo siku ishirini. Kila mpasuko ulileta tonge moja, halikuzidi. Na pale palipokwisha kuzibwa, uzi wa kandokando ulikuwa umechakaa mno, usingeshika mshono mwingine.

Asubuhi moja mzee akasema, bila kuinua uso: "Mwanangu, huyu samaki anayepasua wavu wangu ana meno ya mkasi."

Sukeyna akauficha mkasi ndani ya kanzu yake.

"Mwambie kesho apasue pakubwa kidogo. Macho yangu yamechoka."

Sukeyna akaukagua wavu. Sehemu ambayo mkasi haujaigusa haikuzidi urefu wa mikono miwili, matonge machache tu.